Safari haikimbizwi: niliyowaambia watu wa chama kabla hawajatoka Nairobi

Hamjambo nyote. Asanteni kina mama wa chama kwa kuniita, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango sogeeni mbele kidogo, juu leo hakuna maikrofoni na haya maneno nataka yawafikie. Mama mwenyekiti ameniambia pesa za huu mwaka mmekubaliana hazinunui viti wala sufuria, mnaenda kuona wanyama familia nzima, na niliposkia hiyo nilifurahi sana. Nimeendesha wageni miaka 22. Nimebeba Wajerumani, nimebeba Wajapani, Wamarekani hata siwezi kuhesabu, na kwa hiyo miaka yote watu wa hapa South B niliowapeleka mbugani wanatosha vani moja na viti vibaki. Na hii nchi ni yenu.

Sasa wacha nianze na ratiba venye mmeiandika. Siku nne: Nakuru, Mara, Amboseli, alafu Tsavo, mrudi. Mama mwenyekiti, kwa heshima yote, hii ratiba ikatwe. Kutoka hapa mpaka Mara ni masaa tano sita mkienda vizuri, na mkishatoka Mara kwenda Amboseli lazima mrudi upande wa Nairobi kwanza ndio mshuke tena, hiyo siku imeisha yote kwa lami, watoto wametapika, dereva amechoka, na mimi nawaambia dereva aliyechoka ni hatari kuliko simba yeyote mtakayeona huko. Chagueni pahali pamoja, mkizidi sana pawili, mkae.

Najua inauma. Mtu anasema nikishatoka nyumbani na pesa nimelipa, si nione kila kitu. Wacha niwaambie kitu nilichoona Samburu, ilikuwa kiangazi, mto Ewaso Nyiro umekauka umebaki mchanga tu. Nilikuwa na familia moja, baba, mama na msichana wa miaka kama tisa. Tukakuta ndovu jike mzee amesimama katikati ya mto anachimba. Anapiga mchanga na mguu wa mbele, polepole, anautoa na mkonga, anapiga tena, anautoa, mpaka shimo likawa refu kiasi mkonga unazama ndani karibu nusu. Alafu akaacha. Akasimama tu. Nikazima injini nikawaambia ngojeni, anangoja maji. Yale maji huingia kidogo kidogo kutoka chini, ya kwanza yana mchanga, na yeye aliyafyonza akayamwaga kando, hakuyanywa, akangoja tena, ndio akaanza kunywa. Mtoto wake alikuwa anasukuma kichwa aingie naye anamzuia na mguu, zamu yako bado. Hapo zikaja vani mbili, zikasimama, picha, picha, zikaenda, sidhani zilimaliza dakika tano. Sisi tulikaa kama masaa mawili. Ndovu walipoondoka wakaja kanga, wakaja nyani, wakanywa kwa yale mashimo, na yule msichana alikuwa ameweka kidevu kwa dirisha hajasema neno lolote. Wale wa vani wakiulizwa watasema waliona ndovu, na ni kweli waliona, lakini hawakuona kwamba ndovu akishiba anaachia wengine kisima.

Hiyo huwezi kuiona na ratiba ya pahali panne kwa siku nne. Haiwezekani.

Na hata pesa inasema hivyo hivyo. Tuchukue Mara, juu najua wengi wenu mnataka Mara. Tiketi ya Mara siku hizi inahesabiwa kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, sio masaa 24 venye ilikuwanga zamani. Sasa watu wa Nairobi wanafanya nini? Wanatoka hapa saa tatu, wanasimama pale juu ya Bonde la Ufa kupiga picha, wanasimama Mai Mahiu kula, wanasimama Narok tena, wanafika geti ya Sekenani saa tisa unusu, wanalipa siku nzima, wanapata masaa mawili na kitu na wanyama bado wamelala kwa kivuli. Nyinyi msifanye hivyo. Siku ya kwanza msiingie. Kuna kampu za bei tofauti tofauti nje ya geti, upande wa Sekenani na upande wa Talek, laleni hapo, kuleni mapema, na saa 12 asubuhi muwe wa kwanza getini. Asubuhi simba bado anatembea, fisi anarudi nyumbani na kitu kwa mdomo, baridi bado iko na kila mnyama yuko wazi. Hiyo siku moja mliyoingia mapema ni nzuri kuliko mbili za kuingia mkichelewa.

Mwezi pia muangalie. Wale nyumbu wa kutoka Serengeti wako upande wetu kama Julai mpaka Oktoba, ingawa kila mwaka mvua huwachelewesha au huwaharakisha, na hakuna mtu wa kukuahidi siku ya kuvuka mto, akikuahidi anakudanganya. Machi mpaka Mei ni mvua ya masika, bei inashuka, nchi inakuwa kijani kizuri sana, lakini ule udongo mweusi wa Mara ukinyeshewa unashika tairi kama ugali, na hapo unataka gari ya kuvuta magurudumu manne na dereva anayeijua. Amboseli nayo siri yake ni asubuhi. Kilimanjaro iko Tanzania lakini ya kuiangalia vizuri ni huku kwetu, mita 5,895, theluji juu, na huwa iko wazi kukipambazuka tu, ikifika saa tatu saa nne mawingu yamefunga, mpaka jioni labda. Mkikaa kunywa chai kwanza mmeikosa. Na yale madimbwi penye ndovu wanasimama maji mpaka tumboni, maji yake yanatoka huko huko mlimani yakipita chini ya ardhi, ndio maana hata kiangazi kikali Amboseli kuna kijani.

Mkishaingia, jifunzeni kusoma wanyama wadogo. Watoto waambieni hii, wataipenda. Mkiona swala pala wameinua vichwa wote, masikio yote yameelekea upande mmoja na hakuna anayekula, zimeni gari, msiongee, angalieni penye wanaangalia. Wakiwa wanakula na kutingisha mikia hakuna kitu karibu. Twiga ndiye mzuri zaidi, anaona mbali, na akisimama ameganda anatazama kichaka kimoja, hicho kichaka kina mtu ndani. Kwa njia hiyo mtapata wanyama wenu wenyewe, bila kukimbilia penye magari 20 yamemzunguka chui mmoja juu dereva mmoja ameita wenzake kwa redio. Hapo nawaomba kabisa, mwambieni dereva wenu asikimbilie, na asitoke barabarani kuingia nyasi ati mpate picha ya karibu. Duma anawinda mchana, na magari yakimfunga hivyo anaacha mawindo anaenda kulala, na ana watoto wanangoja nyama. Nimeona hiyo mara nyingi na kila mara inaniuma. Mgeni akitoa kitu kidogo dereva anaingia nyasi, sasa nyinyi ndio wageni, msitoe.

Mambo madogo madogo nayapitia haraka. Kitambulisho beba, kila mtu mzima, juu raia analipa bei yake na getini lazima waone. Mbuga za KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, hazipokei kash, ni kulipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali wa malipo, na mtandao unaeza kukataa mkiwa mmesimama hapo na jua linapanda, kwa hivyo lipeni jioni mkiwa bado nyumbani na tiketi iwe kwa simu. Maji msibebe kwa zile chupa za plastiki za kutupa, tangu Juni 2020 zimekatazwa mbugani, na mifuko ya plastiki mnajua ilikatazwa nchi nzima 2017, bebeni mtungi mmoja mkubwa na kila mtoto na chupa yake ya kurudia. Sweta, hata mkienda penye joto, juu alfajiri paa likifunguliwa upepo unakata. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi acheni, mbung'o wanazipenda na wanauma kupitia kitambaa. Darubini, hata moja ya kuazima, ni bora kuliko simu tatu za bei. Ndizi na mkate msiache kwa kiti na dirisha wazi, nyani anafungua mpaka mkoba wa zipu, na mkishamlisha leo kesho anampiga mtoto wa mtu mwingine, alafu anapigwa risasi kwa kosa letu.

Na spea. Kuna kampuni moja niliifanyia kazi zamani, walinipa gari asubuhi nikaambiwa kila kitu kiko sawa, nikapasukiwa na tairi Tsavo Mashariki saa kumi jioni, kushusha spea haina upepo hata kidogo. Simu hakuna mtandao. Tulikaa na mzee mmoja na mke wake ndani ya gari mpaka usiku kabisa ndio askari wa doria wakatupata. Tsavo Mashariki na Magharibi ukiziweka pamoja ni karibu kilomita za mraba 22,000, sio pahali pa kupiga kelele mtu akuskie. Tangu siku hiyo mimi sitoki hata Syokimau kabla sijabonyeza spea na mkono wangu, na nyinyi mnaokodi gari mshuke mbonyeze, hata kama dereva atakasirika. Wale wasiotaka gharama ya gari mpaka mwisho, Tsavo inafikika na treni, ile ya asubuhi inayosimama stesheni za njiani, mnashuka Voi na mnapanga gari iwachukue hapo. Watoto waweke dirishani, mara nyingi utaona ndovu wa Tsavo kabla hujashuka, wale wekundu wa kujipaka udongo.

Sasa hii nataka mnisikize vizuri, haswa vijana. Najua mnapenda Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, na mnapenda vizuri, ni karibu, unaendesha baiskeli katikati ya punda milia, hakuna mahali pengine rahisi hivyo. Lakini lile korongo la chini, ile njia nyembamba ya mawe penye kila mtu anapiga picha, ni njia ya maji. Mvua inanyesha mbali huko milimani, wewe juu yako ni jua, huskii kitu, alafu maji yanakuja mara moja kama ukuta na pande zote ni mwamba mrefu hakuna pa kupanda. Watu wamekufa hapo mwaka 2012 na wamekufa tena 2019, na 2012 walikuwa vijana wa kanisa, vijana kama hawa wamekaa hapa. Kabla hamjashuka angalieni vilima vyote, sio mbingu iliyo juu yenu tu, na mkiona weusi pahali popote msishuke. Askari akisema leo hakushukwi, msibishane naye na msitafute njia ya pembeni. Mkienda Naivasha upande wa ziwa pia, usiku msitembee nyasini, kiboko anatoka kula, na mchana msisimame kati yake na maji. Mashua bila jaketi za kuokolea msipande, hata kama wengine wote wamepanda.

Mama pale ameuliza kuhusu malaria. Ni swali zuri. Sisi watu wa Nairobi tunaishi juu, karibu mita 1,800, mbu wa malaria si wa kutusumbua sana, kwa hivyo miili yetu haijaizoea, na tunashuka pwani au upande wa ziwa Victoria tukidhani ni kwetu hakuna shida. Watoto wadogo na mwenye mimba ndio wa kuogopewa zaidi. Ongea na daktari kabla, lala ndani ya neti, na kitu watu husahau ni hiki, homa huja baadaye, wiki moja, wiki mbili, ushasahau safari. Ukienda hospitali mwambie daktari mara moja kwamba nilikuwa pahali fulani, asifikirie ni mafua.

Kwa ratiba basi tumekubaliana na mama mwenyekiti, pahali pamoja, usiku tatu, kura mtapiga nyinyi wenyewe ni Amboseli ama Mara. Lakini kabla ya hiyo nimewaomba tufanye jaribio Jumamosi hii hapa hapa, mbuga ya Nairobi. Kilomita saba tu kutoka katikati ya mji, ya kwanza kabisa nchi hii, 1946, kilomita za mraba 117, na humo kuna simba, kuna vifaru, kuna nyati, na upande wa mji umezungushwa ua lakini kusini uko wazi mpaka tambarare za Kitengela, penye wanyama wamekuwa wakipita tangu zamani na sasa nyumba na nyaya zinawazibia, kitu kinachonisumbua sana usiku. Nataka pia watoto waone pale pembe za ndovu zilichomwa, tani 105 mwaka 2016, wasimame waangalie wenyewe.

Kwa hivyo Jumamosi, geti kubwa ya Lang'ata Road, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tiketi imelipwa Ijumaa jioni. Chai kwa thamosi, viazi vitamu au mayai ya kuchemsha, hakuna mifuko ya plastiki. Gari itakuwa moja ya chama na moja ya mzee wetu hapa mbele. Mwenye darubini atuambie sasa ili tuhesabu tuko na ngapi.