Ukisaini kwamba mashine ni nzima, umesaini nini?

Habari zenu ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Leo mnaniona na sare ya kijani, nimekaa ndani ya gari, mvua inapiga kioo, na zamu yangu inaanza saa moja jioni. Nina dakika chache tu, lakini hili sikutaka lilale.

Kuna mdogo wangu huko nyumbani, ni muuguzi, anasindikiza wagonjwa wa rufaa kwenye gari la wagonjwa. Ameniandikia: "Dada, mtungi wa oksijeni kwenye gari letu umefungwa kwa kamba ya katani. Siku ukimwangukia mgonjwa, ataulizwa nani, mimi au hospitali?" Nimelisoma mara tatu. Usingizi ukakata.

Mimi nafanya kazi kwenye ambulensi hapa Uingereza, mwaka wa sita sasa. Si daktari na si mwanasheria. Naendesha, nabeba, naandaa vifaa, na mwenzangu ni paramediki mwenye usajili, yaani mtaalamu wa kutibu wagonjwa wa dharura. Nitawaambia ninachokijua kwa mikono yangu, nikianza na kosa langu mwenyewe.

Kila mwanzo wa zamu tunakagua gari: taa, matairi, machela, mitungi, mashine ya kushtua moyo, mashine ya kufyonza matapishi kooni. Ukimaliza unasaini. Mwaka wangu wa kwanza, asubuhi moja simu ziliingia mfululizo, nikaitazama ile mashine ya kufyonza imekaa mahali pake, nikaweka alama ya ndiyo. Sikuiwasha. Jana yake ilikuwa inafanya kazi, nikaona yatosha. Kumbe haikukaa sawasawa kwenye chaja usiku kucha. Mchana tukawa na mzee mmoja sakafuni kwake, anatapika na fahamu hana. Nikabonyeza, ikanguruma kidogo, ikazima. Mwenzangu akamgeuza ubavu, akachomoa pampu ya mkono kwenye begi, akamsafisha njia ya hewa. Mzee alifika hospitali yu hai. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Baadaye tuliitwa, na swali la kwanza halikuwa kuhusu betri. Waliweka karatasi mezani wakauliza, "Hii sahihi ni ya nani?" Ilikuwa yangu. Aliyekaa pembeni yangu akitetemeka ni mwenzangu, kwa sababu paramediki hapa wako chini ya bodi ya usajili, HCPC, na bodi hiyo inaweza kumsimamisha mtu au kumfuta kabisa. Mimi nilikuwa nimesaini, yeye ndiye aliyeogopa kupoteza taaluma yake. Sijawahi kusaini kwa macho tena. Naiwasha, naziba mpira kwa kidole gumba, naangalia mshale wa presha upande. Ukipanda, ndipo naandika.

Sasa sheria. Hapa kuna sheria kuu ya usalama kazini ya 1974. Inamwajibisha mwajiri kutoa vifaa salama na kuvitunza. Wengi wanaishia hapo. Lakini kifungu cha 7 kinamgeukia mfanyakazi: awe mwangalifu kwa usalama wake na wa watu wengine wanaoguswa na anachokifanya au anachoacha kukifanya. Hayo maneno "anachoacha kukifanya" yashikeni sana. Ukiona kasoro ukanyamaza, kunyamaza kwako nako kunahesabiwa.

Kwa upande wa fidia, mgonjwa akiumia kwa uzembe wa mfanyakazi aliye kazini, kwa kawaida mwajiri ndiye anayelipa. Ila mwajiri kulipa hakukuondolei maswali ya bodi yako, wala ya dhamiri yako.

Na vifaa vyenyewe vina masharti. Ile lifti ya nyuma ya gari inayopandisha mgonjwa, kanuni za 1998 zinataka ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6, kwa sababu inainua binadamu. Nikikuta tarehe ya ukaguzi imepita, lifti hiyo haimpandishi mtu, hata kama inapanda vizuri.

Mdogo wangu, sasa nakuja kwenye kamba yako. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka kila kifaa kifungwe kiasi cha kuhimili nguvu mara 10 ya uzito wake, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Piga hesabu. Mashine ya kilo 10, gari likigonga, inavuta kama mzigo wa kilo 100. Mtungi mrefu wa chuma una uzito zaidi ya hizo kilo 10, na kichwa cha mgonjwa kiko jirani yake. Katani haiwezi. Nilipokuja likizo niliona mtungi umelazwa chini ya benchi bila kufungwa kabisa, na ndugu wa mgonjwa ameweka miguu juu yake. Niliumia roho. Vyuma viwili vilivyochomewa kwenye bodi ya gari na mikanda ya kukaza, fundi wa mtaani anaweza kuvifanya kwa siku moja.

Na oksijeni ina jambo jingine. Januari 2018 NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya hapa, ilitoa tahadhari nchi nzima baada ya taarifa zaidi ya 400 katika miaka mitatu za wahudumu kukosea kuendesha mitungi. Mitungi ya kisasa ina hatua kadhaa: unatoa kifuniko, unafungua vali, ndipo unaweka kiwango. Mtu anaweka lita 15 kwenye kirungu cha kuzungusha, anaona namba 15, anaamini hewa inakwenda, kumbe vali imefungwa. Kwa hiyo sikiliza mlio, weka mkono kwenye barakoa uusikie upepo. Halafu jua mtungi wako unadumu muda gani. Huu mdogo wa kwetu una lita 460. Kwa lita 15 kwa dakika ni kama nusu saa tu. Wewe unayetoka wilayani kwenda hospitali ya mkoa, safari ni saa ngapi? Fanya hesabu hiyo kabla gari halijawashwa. Na tafadhalini, mikono yenye mafuta au losheni isiguse vali. Oksijeni iliyobanwa ikikutana na mafuta inaweza kuwasha moto.

Nyumbani sheria zipo. Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya 2008. Ukiumia kazini, madai yanapita huko, na mchango ni wa mwajiri, wewe hukatwi. Ndugu zangu wa Kenya, sheria yenu ya 2007 inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asirudishwe kwenye hatari hiyo kabla haijarekebishwa.

Najua mtaniambia, "Dada, gari ni moja, na mama mjamzito anavuja damu, nikatae kuondoka?" Hapana, mpeleke mama. Lakini kabla ya kuondoka andika kwenye daftari la gari: tarehe, saa, kasoro, na jina la uliyemwambia. Piga picha ya kifaa, mgonjwa asionekane. Kwa simu tu haitoshi, maana miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka uliongea. Ukirudi, andika tena. Mkuu wako akijibu kwamba bajeti hakuna, jibu lake nalo liandike.

Mdogo wangu, nipimie upana wa huo mtungi na nafasi iliyopo ukutani, unitumie. Mkanda wenye kukaza naweza kuununua hapa Jumamosi, na kuna mtu anasafiri mwisho wa mwezi.