Maalim Seif, tulivyomjua sisi wa Mtambwe

Assalaam alaykum, wenzangu. Nimepewa dakika kumi, na waandalizi wanajua fika kwamba mimi ni Mpemba. Tutaona.

Nianze kwa kukiri: sikuwahi kukaa na marehemu Maalim Seif Sharif Hamad barazani. Tangu afariki, kila mtu kisiwani hapa alikunywa naye kahawa. Mimi nilimwona kwenye mikutano na misibani, nikamsikia redioni, basi. Lakini kwetu ni Mtambwe, Pemba, na yeye kazaliwa Mtambwe Nyali, tarehe 22 Oktoba 1943. Alisomesha kabla ya kuwa Waziri Kiongozi, ndiyo maana hata waliomchukia walimwita Maalim.

Siku aliyotimiza miaka 52, Zanzibar ilipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu Mapinduzi. Mimi nina miaka kumi na moja. Msimu wa karafuu umechanganya, uani majamvi matupu, watoto tunachambua: karafuu huku, makonyo kule. Redio ya baba inaning'inia kwenye msumari wa mlango. Yakasomwa matokeo ya urais wa Zanzibar: Dk. Salmin Amour asilimia 50.2, Maalim 49.8. Baba hakusema neno. Aliinama akaendelea kuchambua, ila sasa makonyo anayatia kwenye karafuu na karafuu kwenye makonyo. Mama alimwangalia tu. Baba alipotoka kwenda kusali Isha, akatwambia watoto tuanze upya.

Yaliyofuata mnayajua. Uchaguzi wa 2000, wa 2005, kila mara tunaanza upya. Januari 2001 watu wetu walipigwa risasi kwenye maandamano, Wete, Micheweni na kwengineko. Kwa hiyo Novemba 2009, niliposikia Maalim kaenda Ikulu kuonana na Rais Amani Karume, na kwamba sasa chama chake, CUF, kinamtambua Karume kuwa Rais, nilihamaki. Nilisema maneno ambayo siyarudii mbele ya wazee hawa. Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza. Yeye mwaka ule wa 2001 alibeba majeneza.

"Mwanangu," akasema, "wewe hukubeba."

Sikuwa na jibu. Julai 2010 nikaenda kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa nikasema ndiyo, pamoja na asilimia 66 ya waliopiga kura, na Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hata leo sijui kama moyo wangu ulikubali au nilimwonea haya baba. Na Disemba 2020, baada ya uchaguzi mwengine uliotuacha na vidonda, mzee wa miaka 77 akakubali tena kuingia serikalini. Safari hiyo sikubishana na mtu.

Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021. Kesho yake akaletwa nyumbani, Mtambwe. Baba alikuwa hawezi tena mwendo mrefu. Nilimpeleka asubuhi mapema, nikamwekea kiti chini ya mwembe kando ya njia. Watu wakawa wengi hata kiti hakionekani. Jeneza lilipokaribia alinishika bega akasimama, na alibaki amesimama mpaka umati wote ukapita, nami nimesimama naye, bega linaniuma.

Usiku redio ikaanza kusoma habari za maziko. Nikaongeza sauti ili asikie. Akanambia niizime, yeye keshaona.