Tuifundishe Dawa Kuvumilia Joto

Ndugu wauguzi, wakunga na wanafunzi wa famasia, walionisikia hapa Moshi siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye kisanduku cha ampuli za oksitosini, dawa ya kuanzisha uchungu na kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, nilichokikuta katika zahanati moja ya tambarare, kikiwa mezani, kando ya dirisha linalopigwa na jua la saa nane mchana, umeme ukiwa umekatika tangu juzi yake. Muuguzi, dada makini sana, alinionyesha kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mbali na dawa ilikuwa angavu kama maji ya chemchemi. Kwa macho hapakuwa na kasoro. Hata hivyo lebo iliagiza nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo tulizitenga ampuli zote, na zahanati ikabaki bila hata moja hadi mgao uliofuata.

Oksitosini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi, ya asidi amino 9, na 6 kati yake zimejikunja kuwa pete iliyofungwa kwa atomi 2 za salfa zilizoshikana. Joto likizidi, fundo hilo hufunguka, molekuli huanza kuungana zenyewe kwa zenyewe, na mama anayetokwa na damu huchomwa sindano iliyopungua nguvu bila mtu yeyote kujua.

Yupo atakayesema tununue majokofu ya sola. Yaletwe, tutayapokea kwa mikono miwili. Lakini kabla ya kufika jokofuni dawa hupita kwenye gari na bohari, na baadaye hukaa kwenye trei ya chumba cha kujifungulia. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba molekuli yenyewe ndiyo ya kufundishwa uvumilivu.

Tazameni kabetosini, dawa iliyotengenezwa kwa kuibadilisha oksitosini. Wanakemia waliondoa salfa moja kwenye fundo wakaweka kaboni, wakaondoa pia kikundi cha amino mwanzoni mwa mnyororo, mahali ambapo vimeng'enya huanzia kukata. Nusu ya dawa hii huondoka mwilini baada ya dakika 40 hivi, ilhali kwa oksitosini ni dakika chache tu. Myeyuko wake nao uliporekebishwa, ulihimili nyuzi 30 kwa miaka 3. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, ulionyesha kuwa si duni kwa oksitosini katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi. Lakini ni ya kuzuia tu. Msiitumie kuanzishia uchungu.

Muda umeniishia. Semaglutidi, dawa ya kisukari iliyoigwa kutoka homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, niseme kwa ufupi: homoni hiyo hudumu dakika 2 hivi katika damu, lakini kwa kubadilisha asidi amino pale kimeng'enya kinapokata, na kuongeza mkia wa mafuta unaoshika albumini, protini ya damu, sindano 1 inatosha wiki nzima. Insulini tuiache kwa kipindi cha maswali, ila kwanza naomba kila aliyetoka zahanati aniambie jokofu lake lilisoma nyuzi ngapi leo asubuhi.