Nani Kasema Steringi Hafi?

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba nianzie kwenye kibanda umiza, maana wengi wetu hapa sinema tulisomea huko, kwenye mabenchi ya mbao. Kulikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Hata azingirwe na watu ishirini, wewe unaendelea kutafuna karanga zako.

Sasa, tarehe 31 Machi 1993, mjini Wilmington, North Carolina, steringi alikufa. Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, miaka 28, akiigiza The Crow. Walitaka risasi bandia za kupigia picha ya karibu, wakachukua za kweli, wakamwaga baruti, wakaiacha fataki ya kitakoni. Fataki ikalipuka ndani ya bastola, ikasukuma kichwa cha risasi hadi kwenye mtutu, kikakwama humo. Hakuna aliyekagua. Baadaye bastola ileile ikatiwa risasi ya mlio tu, mwigizaji mwenzake akafyatua kama alivyoelekezwa. Kilichokwama kikatoka.

Filamu ilikuwa bado haijakamilika. Akaitwa kijana aliyekuwa akifanya naye mazoezi ya mapigano, Chad Stahelski. Kazi yake: vaa nguo za marehemu, tembea kama marehemu, sura yake tutakubandika kwa kompyuta. Mimi nikiitazama filamu ile huwa simwangalii steringi tena. Naangalia mabega, nikijiuliza ni ya nani.

Stahelski akaendelea na kazi ya kuanguka badala ya mastaa. Kwenye The Matrix, 1999, ndiye aliyekuwa akiumia badala ya Keanu Reeves. Mwalimu wa mapigano alikuwa Yuen Woo-ping wa Hong Kong, na mzee yule aliwatia waigizaji mazoezini kwa miezi kabla ya kamera kuwashwa. Stahelski akaliona hilo, akalihifadhi.

Mwaka 2014 akakaa kwenye kiti cha mwongozaji, na John Wick ikatoka. Aliianza na David Leitch, naye mtu wa kuanguka kama yeye. Keanu alipelekwa mazoezini kwa miezi: judo, jujitsu, kushika silaha. Faida yake iko kwenye kamera. Filamu nyingi za ngumi zinakatakata picha kwa sababu zina kitu cha kuficha: ngumi ya staa, kata, mgongo wa mtu mwingine unabingirika ngazini. Stahelski anairudisha kamera nyuma, unamwona mtu kutoka unyayo hadi utosi, anapiga, anakosa, anahema. Halafu risasi zinamwishia! Anasimama kubadilisha magazini huku adui anakuja. Kule kwetu kibandani bastola moja ilipiga kuanzia mwanzo wa mkanda hadi mwisho, na hakuna aliyehoji.

Mtu huyohuyo, ambaye filamu zake zina milio kuliko vita, amesema hadharani kwamba hakuna sababu ya kuwa na bunduki inayoweza kufyatua risasi ya kweli mahali pa kupigia picha. Moto wa mtutu unaweza kuongezwa kwenye kompyuta. Kuna wanaolalamika kwamba moto ule hauna uzito. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokumbuka alivaa nguo za nani mwaka ule wa 1993.

Haya, maswali. Dada wa pale nyuma, nimekuona tangu mapema.