Nchi ya Mababu, Kodi ya Nyumba

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunakwenda Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Kaka Bakari amekuwa akifuatilia habari za Waarmenia waliokimbia Syria, na kila tukionana ananisimulia. Haya, kaka, wasimulie na wenzangu.

BAKARI: Ahsante, dada Rehema. Vita vilipoingia Aleppo, mji wa Syria, mwaka 2012, familia za Kiarmenia zilianza kuondoka. Miaka iliyofuata, zaidi ya watu 20,000 walifika Armenia. Habari nyingi zikasema wamerejea kwao. Mimi neno hilo linanisumbua, maana bibi na babu zao hawakutoka Yerevan.

REHEMA: Walitoka wapi?

BAKARI: Marash, Aintab, Urfa, Zeytun. Kote huko leo ni Uturuki. Katika mauaji ya kimbari ya 1915, chini ya utawala wa Waosmani, waliswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Deir ez-Zor huko Syria, na waliosalia hai wakaanza upya Aleppo na Beirut. Kwa hiyo mtu wa Aleppo akishuka Yerevan amefika kwenye nchi ya taifa lake, ni kweli. Lakini hana shangazi pale, hana kiwanja, hana kaburi la babu la kuzuru.

REHEMA: Angalau lugha anayo.

BAKARI: Anayo, ila ni tawi jingine. Wao wanasema Kiarmenia cha Magharibi, Yerevan wanasema cha Mashariki. Sarufi inatofautiana, matamshi pia: anayeitwa Petros Yerevan, Aleppo ni Bedros. Wanaelewana, lakini akifungua mdomo tu dukani, muuzaji anajua huyu si wa hapa.

REHEMA: Na mtoto shuleni?

BAKARI: Hapo ndipo pagumu. Serikali ya Kisovieti ilibadilisha tahajia mwaka 1922, ughaibuni wakabaki na ile ya zamani. Kuna kiambishi kinachomalizia mamia ya maneno yao, kama sisi tunavyoanza na u- kwenye uhuru na upendo. Mtoto aliyekifunza Aleppo anakiandika kama alivyofundishwa, na kwa tahajia ya Yerevan kila mahali amekosea. Sayansi alisoma kwa Kiarabu. Mwaka 2012 ilifunguliwa shule Yerevan iliyofuata mtaala wa Syria ili watoto wasipotewe na mwaka, lakini mtihani wa kuingia chuo kikuu cha huko ni wa huko.

REHEMA: Mimi nimefundisha, kaka. Mtoto aliyekuwa hodari akianza kupata alama za chini kwa lugha ya mama yake mwenyewe, ananyamaza darasani. Na mwalimu anaweza kudhani hana uwezo.

BAKARI: Na baba yake yumo kwenye hali hiyohiyo gereji. Aleppo ilijaa mafundi wa Kiarmenia: makanika, masonara, washonaji, wapiga picha. Sasa makanika anafika Yerevan, mikono ni ileile, lakini vipuri mafundi wa kule wanavitaja kwa Kirusi. Anaombwa kifaa, hajui kinachoombwa. Ana Kiarabu na Kiarmenia, pengine na Kituruki cha bibi yake. Kirusi hana.

REHEMA: Si afungue gereji yake?

BAKARI: Wapo waliojaribu. Nchi nzima ina watu kama milioni 3, na mipaka na Uturuki na Azerbaijan imefungwa tangu miaka ya tisini, kwa hiyo mzigo wa barabarani unapita Georgia au Iran. Aliyezoea kuuzia soko la Aleppo anaona duka limekuwa dogo ghafla. Waliofanikiwa zaidi ni wa chakula. Leo Yerevan unakula hummus na falafeli kila mtaa, na wenyeji wamezipenda.

REHEMA: Hilo linanipa moyo.

BAKARI: Hata mimi. Ila hummus haimlipii kila mtu kodi. Baridi ya Yerevan ni kali, gesi ya kupasha nyumba joto inakula mshahara. Halafu kuna jeshi: vijana wa kiume wanalazimika kulitumikia, na walipofika wale wa Syria ilikuwa miaka 2. Mama aliyemtorosha mwanawe asichukuliwe na jeshi la Syria, akichukua uraia wa Armenia anajikuta na swali lilelile. Si ajabu wengine waliendelea na safari hadi Kanada na Ulaya.

REHEMA: Nauliza wazi: wenyeji waliwapokea vibaya?

BAKARI: Hapana, wengi waliwapokea vizuri, tofauti na zamani. Kati ya 1946 na 1949, Waarmenia takriban 90,000 waliitikia mwito wa Stalin wakahamia Armenia ya Kisovieti kutoka Lebanon, Syria, Iran, Ugiriki, hata Ufaransa. Waliitwa akhpar, yaani kaka, kwa dharau. Na Juni 1949 baadhi yao walitolewa majumbani usiku, wakapakiwa kwenye treni hadi Altai, Siberia. Vitongoji vya Waarmenia waliohamia hivyo, vingine vya tangu miaka ya 1920, bado vipo Yerevan, kwa majina ya miji waliyoipoteza Uturuki: Nor Malatia, Nor Arabkir, Nor Zeytun. "Nor" ni mpya.

REHEMA: Malatia mpya, baada ya kupoteza ya kwanza. Masikini.

BAKARI: Ndiyo maana nasema neno "kurejea" lina gharama. Ukimwita mtu mwenyeji, ni rahisi kusahau kwamba anahitaji anachohitaji mgeni: kodi ya miezi ya mwanzo, masomo ya jioni ya tahajia na Kirusi, mtu wa kumsaidia na fomu za mapato. Wengi wa Syria walichukua uraia harakaharaka, na anayekuwa raia si mkimbizi tena kisheria.

REHEMA: Na Waarmenia waliotoka Karabakh mwaka 2023, Azerbaijan ilipolitwaa eneo lao?

BAKARI: Zaidi ya 100,000, ndani ya wiki moja hivi, kwa barabara moja ya Lachin. Kwao ilikuwa kinyume. Walishika pasipoti za Armenia zenye namba 070, serikali ikasema hizo ni hati za kusafiria tu, ikawapa hifadhi ya muda. Sasa ruzuku ya kununua nyumba inamtaka mtu achukue uraia kwanza, na wapo wanaosita, wakihofia kupoteza haki ya kudai kurudi Stepanakert, mji mkuu wao wa Karabakh.

REHEMA: Na wakati wanasita, mwenye nyumba anadai kodi yake.

BAKARI: Kila mwezi, dada.