Shahada ya siasa si fomu ya ubunge

FESTO: Karibuni tena jamani. Mimi Festo, na mwenzangu ni yuleyule, dada Zuhura. Leo tuna ujumbe wa kijana aliyeko Tabora, kamaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Nausoma kama alivyoandika: "Nataka kusoma Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, baba amegoma. Anasema hatoi ada yake mtoto akajifunze kupiga porojo majukwaani. Nimjibuje?" Na mimi niseme mapema, ni mhasibu, niko upande wa mzee.

ZUHURA: Wewe hata chuoni ulikuwa upande wa mzee. Mnatupita sisi wa siasa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnacheka, "wabunge watarajiwa hao."

FESTO: Si ndiyo kazi yenyewe?

ZUHURA: Hapana, na hapo ndipo mzee anapokosea. Ubunge hauhitaji shahada. Fungua Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 67: uwe raia, umetimiza miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na chama kimekupendekeza. Anayetaka jimbo hana haja ya kukaa miaka mitatu darasani. Atumie muda huo kuzunguka matawi ya chama chake.

FESTO: Ehe, kwa hiyo umenisaidia. Haihitajiki!

ZUHURA: Subiri kaka. Hebu tuwahesabu marais wetu. Nyerere?

FESTO: Mwalimu.

ZUHURA: Mwinyi naye mwalimu. Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri. Kikwete uchumi, Magufuli kemia mpaka shahada ya uzamivu. Samia ndiye aliyetusogelea, alisoma mambo ya utawala wa umma Mzumbe. Hakuna hata mmoja ambaye shahada yake ya kwanza ni ya sayansi ya siasa.

FESTO: Museveni je? Si alisoma hapahapa Dar?

ZUHURA: Alisoma, mwisho wa miaka ya sitini, siasa na uchumi. Haya, tumempata mmoja, tena wa jirani.

FESTO: Mmoja lakini hatoki! (anacheka)

ZUHURA: Hayo umesema wewe. Ninachotaka mzee aelewe ni kwamba anayesoma siasa anasoma madaraka. Nani anayo, kayapata kwa njia gani, nani anaweza kumhoji. Na madaraka hayako Dodoma tu. Yako pale kwenye kata.

FESTO: Kwenye kata kuna nini zaidi ya barua za utambulisho?

ZUHURA: Uliza vizuri. Kata ina diwani, huyo kachaguliwa na wananchi. Ina mtendaji wa kata, huyo ni mwajiriwa. Kamati ya maendeleo ya kata ikikaa, diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji ndiye katibu. Sasa imekuja hela ya kumalizia zahanati. Diwani anaitaka iende kijiji kilichompa kura, mtendaji ana kumbukumbu za kikao zinazosema kijiji kingine. Juu yao kuna afisa tarafa, ambaye hayuko chini ya halmashauri. Huyo ni mkono wa serikali kuu, anaripoti kwa mkuu wa wilaya. Watu watatu, kila mmoja na bosi wake. Nani anamwajibisha nani hapo?

FESTO: Mimi ningeuliza risiti ziko wapi.

ZUHURA: Na ungepata risiti safi kabisa, na zahanati haina bati. Tulikuwa na somo zima la serikali za mitaa, watu wanalisinzia kwa sababu halina wanafalsafa kina Plato wala Hobbes. Kumbe ndilo linalokuja kukulisha. Mtendaji, afisa tarafa, afisa utumishi, afisa tawala: hizo ndizo ofisi wanazokaa wenzangu wengi niliosoma nao. Hakuna aliyeandikwa mlangoni "mwanasayansi wa siasa."

FESTO: Hilo nalo ni tatizo. Mimi nikifungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, naandika "mhasibu", kazi zinakuja. Huyu kijana ataandika nini?

ZUHURA: Atasoma tangazo moja moja, sehemu ya sifa za mwombaji. Ni kazi ya kuchosha, sikatai. Na akiitwa, kwenye mtihani wa mchujo atawakuta wa sheria, wa sosholojia, wa maendeleo ya jamii, wote wanagombea kiti kimoja. Ndiyo maana namwambia asipite chuo kwa nadharia peke yake.

FESTO: Ashike nini?

ZUHURA: Takwimu. Lile somo la mbinu za utafiti ambalo watu wanalifaulu kwa kukariri. Nikueleze kazi yangu ya kwanza, ilikuwa udadisi. Utafiti wa maoni ya wananchi, unapewa kishikwambi na dodoso, unapelekwa wilaya ambayo hujawahi kuisikia.

FESTO: Unahoji wanaokaa kijiweni.

ZUHURA: Marufuku! Hapo ndipo darasa linapoanza kulipa. Chukua Afrobarometer, wanaopima maoni ya watu Afrika tangu mwaka 1999. Kwa Tanzania huwa wanahoji watu kama 2,400. Sensa ya 2022 inasema tuko milioni 61 na ushei. Watu 2,400 wanawasemeaje wote hao?

FESTO: Ndilo swali langu kila nikiona hizo asilimia.

ZUHURA: Kwa sababu hawakujileta. Maeneo yanachaguliwa kwa bahati nasibu, nyumba vilevile, na ndani ya nyumba mtu wa kuhojiwa naye anapatikana kwa bahati nasibu. Mahojiano haya ukimhoji mwanamume, yanayofuata lazima awe mwanamke. Ukifuata hivyo, kosa la makadirio linabaki kama asilimia mbili juu au chini. Mdadisi akichoka jua akaenda kwa wanaocheza bao, hesabu yote imekufa, na huku ofisini hakuna atakayejua mpaka msimamizi arudi nyuma kukagua.

FESTO: Na mwenye nyumba anakubali tu?

ZUHURA: Anakuuliza kwanza umetumwa na nani. Ukimuuliza kama ana imani na halmashauri yake, anakuangalia viatu kabla hajajibu. Sasa mtu aliyesoma siasa anajua kwamba woga wa kujibu nao ni jibu, anauandika. Kutoka hapo ndipo nilipopanda kwenye ufuatiliaji na tathmini wa miradi, ndiko niliko mpaka leo.

FESTO: Na ubalozi? Wengi wakisikia siasa wanaona suti na bendera kwenye gari.

ZUHURA: Afisa mambo ya nje, ipo, ila nafasi ni chache. Wengi hupitia pia Kurasini, kile chuo cha diplomasia kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, siku hizi kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Hapo lugha inakubeba. Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wako Burundi, wako Rwanda. Ukiwa na Kifaransa mkononi, Arusha, makao makuu ya Jumuiya, si mbali.

FESTO: Ualimu wa chuo?

ZUHURA: Mpaka uzamili na uzamivu, subira. Ila nao una milango yake. Bashiru Ally alikuwa mhadhiri wetu wa siasa, mwaka 2018 akawa Katibu Mkuu wa CCM, 2021 akateuliwa Katibu Mkuu Kiongozi.

FESTO: Na hakukaa pale hata miezi miwili.

ZUHURA: Sasa unaanza kusoma siasa.

FESTO: (anacheka) Haya, lakini mzee alizungumzia ada. Hapo mimi simwachi peke yake.

ZUHURA: Hapo ana hoja. Kuna miaka mwongozo wa Bodi ya Mikopo umepanga kozi kwa vipaumbele, sayansi na ualimu wakatangulia. Kijana asome mwongozo wa mwaka huu kabla hajabonyeza chochote, maana bumu la mkopo likikosekana anayelipa ni huyohuyo baba. Halafu ashuke hapo kwenye ofisi ya kata yao, amuulize mtendaji amesoma nini. Aende na mzee.

FESTO: Wakikuta kasoma uhasibu?

ZUHURA: Basi ada ikulipie wewe kipindi kijacho.