Kwanza nafasi, maneno baadaye: mwendesha baiskeli mbele ya dereva mkorofi

Mhadhara kwa waendesha baiskeli, Mbeya

Ndugu zangu, kamwene kwa waliotoka upande wa Iringa, ugonile kwa wenzetu wa Rungwe, na wengine wote habari za asubuhi. Naona baiskeli zimeegeshwa pale ukutani, nyingine bado zina kamba za mkaa kwenye karia, nyingine zina madumu ya maziwa. Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao: watu ambao barabara ni ofisi yao, kuanzia alfajiri.

Habari ya madereva wakorofi tunaizungumza kwa hasira, na hasira hiyo ni ya haki. Mtu akikusogelea kwa tani 40 huku anakupigia honi, ametishia maisha yako, hakuna jina lingine. Lakini leo nataka tuanze na mita. Ukishapata nafasi kati yako na gari, mengine yote yanawezekana: kusema, kusoma namba, kushtaki. Bila nafasi hakuna linalowezekana.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Lori la mizigo lina upana wa kama mita 2.5, hapo vioo vya pembeni sijahesabu. Njia moja ya barabara kuu ni mita 3.25 hadi 3.5. Tuseme ni 3.5. Ondoa lori, inabaki mita moja. Usukani wa baiskeli yako unakula sentimita 60 hadi 70 kati ya hizo. Inabaki sentimita 30 hadi 40 za kugawana kati ya bega lako, lori, na ukingo wa lami. Maana yake lori haliwezi kukupita salama bila kuvuka mstari wa katikati. Mbele pakiwa peupe, madereva wengi watavuka. Kukiwa na basi linakuja, dereva ana mawili: apunguze mwendo akusubiri, au ajibane. Aliyepakia shehena ya kwenda Tunduma, na ndio kwanza amepata gia ya kupandia mlima, mara nyingi hujibana. Simtetei. Ninachosema ni kwamba lori likiwa nyuma na basi likiwa mbele, usikae ukingoja uungwana wa mtu usiyemjua. Ufaransa sheria inamtaka dereva aache mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji anapompita mwendesha baiskeli. Ni sheria nzuri, na ningependa kila dereva wa hapa aishike kichwani hata kabla hajalazimishwa. Wewe lakini jihesabie mita zako mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mapema. Lori la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Wewe kwa kilomita 15 unakwenda mita 4. Likiwa mita 200 nyuma yako, litakufikia kwa sekunde 11 hivi. Sekunde 11 zinatosha kabisa kutoka barabarani kwa utulivu, ilimradi uzitumie kuanzia ya kwanza. Anayesubiri honi ya karibu ana sekunde 2. Fungeni kioo. Kioo cha pikipiki cha kulia kinapatikana kwa fundi yeyote, na kwa klampu kinakaa vizuri kwenye usukani. Kiwe kulia, kwa sababu magari yanatupita kulia. Kwa aliyebeba mzigo kioo ni lazima: gunia la mkaa likishapanda nyuma yako, hata ukigeuza shingo unaona gunia.

Pili, jifunzeni lugha ya honi. Honi moja fupi ya mbali ni taarifa: nipo. Honi ndefu ya mbali, na mlio wa injini haupungui, maana yake huyu hana mpango wa kupunguza. Honi mfululizo pamoja na taa ni hatari, na katika mteremko inaweza kuwa lori limekatika breki. Usigeuke kuangalia kwa hasira. Toka.

Namna ya kutoka nayo ina ufundi wake, na wengi huanguka hapa hata kabla gari halijawagusa. Ukingo wa lami umeliwa. Sehemu nyingi kuna ngazi ya sentimita 5, 10, hata zaidi, na chini yake ni kokoto. Ukiteleza kwa kufuata ukingo, tairi la mbele linanaswa na ile ngazi na unaangukia kulia, ndani ya njia ya lori. Ngazi ivuke kwa mshazari mkali: nyanyuka kidogo kwenye siti, acha kukanyaga pedali, shika usukani imara, usishike breki ya mbele tairi likiwa kwenye kokoto. Ukishatoka simama kabisa. Kurudi ndiko kunakoua wengi, maana mtu anataka apande ngazi huku anakwenda sambamba nayo. Shuka, nyanyua tairi la mbele, weka juu ya lami, tazama nyuma, ndipo uondoke.

Na usirudi kichwa cha lori kikishapita. Kichwa kinafuatwa na tela, na siku hizi tela mbili kwa kichwa kimoja si ajabu. Lori likikupita kwa kasi, upepo wa mbele unakusukuma kushoto. Mkia ukimalizika, upepo unakuvuta kulia, ghafla. Aliyekuwa amejilaza kuukabili upepo wa kwanza anajikuta anaangukia kwenye matairi ya mwisho. Legeza viwiko, usijilaze, subiri mpaka uone taa nyekundu za tela ya mwisho.

Kuna fundisho la miji ya nchi za nje: mwendesha baiskeli achukue katikati ya njia, gari lisipate mwanya wa kujibana. Katika mitaa ya mjini yenye kikomo cha kilomita 50, penye foleni na kila mtu anamwona mwenzake, ninakubaliana nalo. Pita katikati kwenye daraja jembamba au kwenye mchepuko wa ujenzi, kama huu wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, ila ingia katikati mapema, baada ya kutazama nyuma na kunyoosha mkono wa kulia. Usiingie pale gari likishafika kwenye tairi lako. Lakini Igurusi, Chimala au Igawa, katika barabara iliyonyooka na malori yanateremka na mwendo wao, siwezi kumshauri mtu afanye hivyo. Pale shuka, sukuma.

Na kuna basi linalokuja mbele yako, lipo upande wako, linaovateki, linapiga fulu. Hili watu hulisahau kwa kuwa tunaogopa kinachotoka nyuma. Dereva yule ameona baiskeli akaamua haihesabiki. Yeye ana kilomita 80, wewe 15: mnakaribiana kwa mita 26 kila sekunde, na mita 150 zinaisha kabla ya sekunde 6. Hapo hakuna mjadala wa nani mwenye haki. Haki ni yako, barabara muachie.

Sasa milima, maana sisi ni watu wa milima. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi mnaujua, na anayetoka Iringa anaijua Kitonga. Lori linaloteremka kwa kutegemea breki badala ya gia hupasha moto breki mpaka zinaacha kushika. Dalili zinatangulia: harufu ya kuungua, moshi kwenye magurudumu, honi isiyokatika. Ukiona hata moja, kukaa pembeni ya lami hakutoshi. Vuka mtaro, na baiskeli itupe ikibidi. Jambo moja naomba mlishike: lori lililoshindwa kona huenda upande wa nje wa kona. Kwa hiyo usipumzike, usirekebishe mnyororo, usipange mzigo upande wa nje wa kona. Ukivuka, vukia upande wa ndani wa kona, na kama kuna ukuta wa mlima, uendelee kuupanda. Na kudandia lori linalopanda taratibu, vijana, acheni. Mkono mmoja upo kwenye bodi, tairi la tela lipo nusu mita, na dereva akiongeza gia lori linashtuka.

Breki zenu wenyewe. Baiskeli za breki za fimbo zenye rimu za chuma hazishiki zikilowa, na huku kwetu, kuanzia Novemba mpaka Aprili, zinalowa karibu kila siku. Tukuyu ndiyo usiseme. Raba inahitaji mizunguko kadhaa kupangusa maji kabla haijauma. Kwa hiyo minya kidogo kidogo kabla hujafika unapotaka kusimama. Kumkwepa dereva mkorofi kunahitaji baiskeli inayosimama.

Mjini ukorofi una sura nyingine. Daladala inakupita, inakuchomekea na kusimama hapo hapo kwa sababu konda ameona abiria. Usiingie kati ya daladala na ukingo: abiria atashuka juu yako. Usikwepe kulia bila kutazama: bajaji ipo hapo. Simama nyuma yake, umbali wa kutosha kuona kioo chake cha kushoto. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo, naye hakuoni.

Nikae kidogo kwenye makutano ya Uyole, kwa sababu pale kosa la mwendesha baiskeli na la dereva hukutana. Malori yanayotoka upande wa Dar es Salaam kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, hukata kushoto. Dereva amekaa kulia, upande wa kushoto ndio haoni vizuri. Ili tela lipate kuzunguka, kwanza anapeleka kichwa kulia. Wewe uliyeko kushoto unaona mwanya umefunguka, unadhani amekupisha, unaingia. Kichwa kinarudi kushoto, na tela haifuati njia ya kichwa. Inakata ndani, matairi yake ya nyuma yanasogea mpaka ukingoni. Ule mwanya unafungwa na wewe umo. Hakuna kelele itakayofika kwenye kebini. Ukiona indiketa ya kushoto, au kichwa kinatanuka kulia karibu na makutano, baki nyuma ya mkia wa tela mpaka limalize.

Tufike kwenye ugomvi wenyewe. Dereva ameshusha kioo anakutukana, au amesimamisha gari mbele yako anashuka. Usipige bodi kwa kiganja, usimwonyeshe kidole, usirudishe tusi. Si kwamba anastahili heshima hiyo. Gari lina kasi kukuzidi na wewe huna bati. Sema kitu kifupi kwa sauti ya kawaida: “Kaka, pita tu.” Kama ni mtu mzima, “Mzee, pita.” Akishuka, shuka na wewe, baiskeli iwe kati yenu. Usisimame mbele ya gari wala kati ya magari mawili. Akizidi kukufuata, geuza urudi ulikotoka, au ingia njia ya miguu. Gari haligeuki haraka hivyo. Elekea penye watu: kituo cha mafuta, kijiwe cha bodaboda, soko. Huko ndiko unakopiga 112.

Namba ya gari ichukue hapo, si kesho. Sema kwa sauti, mara tatu, kisha jirekodi kwenye simu. Herufi za mwisho zigeuze maneno: D, K, M iwe “Dada Kaja Mbeya.” Kumbuka tela ina namba yake, iliyoko kwenye mkia ni ya tela, ya kichwa ipo mbele. Ukipata zote mbili ni bora. Ongeza rangi ya kichwa, maandishi ya ubavuni, saa, mahali kwa alama inayojulikana, na uelekeo. “Lori jeupe lilinibana” haimsaidii trafiki. “Kichwa cheupe, tela la turubai la bluu, linaelekea Mbalizi, saa 1:20 asubuhi” anaweza kupiga simu kituo cha mbele.

Na dereva akishamgonga mtu, hilo ni jambo zito. Madereva wengi hukimbia kwa kuogopa kipigo cha wananchi, na aliyelala barabarani anabaki bila gari la kumpeleka hospitali na bila shahidi mkuu. Tukimzunguka dereva tukamlinda asiguswe, tumemlinda majeruhi. Mmoja azuie magari mita 100 nyuma kwa matawi, mwingine apige picha za gari na namba kabla halijasogezwa, mwingine aandike simu za mashahidi. Majeruhi akiwa mahututi aende hospitali moja kwa moja, mwenzake afuate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni. Hata asiye na jeraha la kuonekana apimwe, na karatasi zote zitunzwe.

Karatasi hizo ndizo pesa za matibabu. Kila gari linalotembea barabarani sharti liwe angalau na bima ndogo, na bima ndogo ipo kwa ajili ya mtu wa nje aliyeumizwa, yaani wewe. Bila ripoti ya polisi na ramani ya ajali, madai hayaendi popote, ndiyo maana kupokea laki moja mkononi na kumwacha dereva aondoke ni hasara kubwa kwa mtu aliyevunjika paja. Lori likiwa la Zambia, Malawi au Kongo, msikate tamaa: muulizeni askari aandike namba ya kadi ya njano ya COMESA ya gari hilo. Kadi hiyo ndiyo bima yake ikiwa huku kwetu, na madai yake yanafunguliwa hapa hapa Tanzania.